Alikuwa Akinisaidia Dukani

Barua ya kwanza niliisoma nimesimama kwenye kona ya mtaa, jua la saa saba likinichoma utosini, na nilipofika mstari wa tatu nikatamani kuichana. Ilikuwa imechapwa vizuri. Ilikuwa na sahihi, na muhuri wa duara wa rangi ya zambarau. Ilisema hivi: "Kwa yeyote anayehusika. Namfahamu kijana huyu kwa muda mrefu kama mwanangu wa kumzaa. Ni mtiifu, halewi, hana ugomvi na mtu, na anaheshimu wakubwa. Katika kipindi chote hicho alikuwa akinisaidia dukani. Naomba apewe ushirikiano."

Akinisaidia. Miaka saba.

Nilikuwa nimeomba barua hiyo kwa sababu kiwanda kimoja cha Kanada, kinachoshona mahema na maturubai, kilikuwa tayari kunichukua kama fundi wa cherehani. Simaanishi mshonaji. Namaanisha yule anayeitwa cherehani inapogoma. Kiwanda kilisharidhika na mimi baada ya kuniona kwenye simu nikifungua mashine na kuifunga. Waliobaki kuridhika walikuwa uhamiaji wa kule, na wao hawakutaka kuniona nikifungua chochote. Walitaka barua ya mwajiri: cheo changu, tarehe niliyoanza na niliyoacha, saa nilizofanya kwa wiki, kiasi nilicholipwa, na kazi za mikono yangu moja moja. Angalau miaka miwili kamili ya kazi ya kulipwa, ndani ya mitano iliyopita. Walinipa siku thelathini. Hawakuuliza popote kama nalewa.

Mimi si mtu wa kutulia. Shule niliiacha kidato cha pili, nikapanda basi kutoka Masasi, na tangu hapo nimefanya kila kitu ambacho Bongo inamruhusu mtu asiye na cheti kukifanya. Nimepakua magunia bandarini. Nimelinda geti la ghorofa moja Upanga, nikaacha siku nilipoelewa lifti inavyofanya kazi, kwa kuwa hapakuwa na kingine cha kujifunza pale. Nimeuza maji ya baridi Mnazi Mmoja kwenye mikutano ya vyama vyote, na sijui hata kimoja kilikuwa kinasema nini, nilikuwa naangalia jinsi mafundi mitambo wanavyofunga spika. Kila kazi niliiacha ilipokwisha kunishangaza. Cherehani peke yake ndiyo iliyonishika, maana haziishi. Kuna za mshono mnyoofu, kuna za ovaloki, kuna za mkanda, za ngozi, na kila moja ina wazimu wake.

Mzee aliyenifundisha alikuwa na duka nyuma ya maduka ya vitambaa, Kariakoo. Mtu wa pwani, wa hapa hapa, nyumba ya familia, kofia safi kila siku hata mikono ikiwa na grisi. Niliingia kwake kuomba maji ya kunywa, nikasimama kuangalia alivyokuwa anapanga sindano na ndoano ya chini zikutane, na sikuondoka. Mwezi wa pili nilikuwa nafungua mashine mwenyewe. Mwaka wa pili alikuwa ananiachia duka lote kila Ijumaa akienda msikitini, na Jumapili, ambayo ni siku yangu mimi ya kwenda kanisani, nilifungua duka pia. Saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Alinilipa kila Jumamosi mkononi, na sitamsingizia, hakuwahi kunidhulumu hata shilingi. Alichoninyima ni kingine, na nilichelewa kukijua, kwa sababu alikuwa ananinyima kwa maneno matamu.

Mwaka mmoja kabla ya haya niliondoka kwake, nikaanza kuzunguka na begi langu la zana kwa wateja. Tuliachana kwa amani. Ndiyo maana nilikwenda kumwomba barua nikiwa na furaha, na mkate wa kumimina kwenye mfuko.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umetupotea kabisa."

Nikamweleza. Wanawake wawili wanaoshona madera kwenye baraza lake wakasimamisha mashine ili wasikie vizuri.

"Kanada!" mmoja akasema. "Unaenda Ulaya na bisibisi?"

"Kanada si Ulaya," nikamwambia.

"Kuna baridi? Basi ni Ulaya. Tuletee makoti."

Mzee alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Kisha akasema, "Barua ya kazi? Mwanangu, mtu anamwajiri mwanawe? Nitakuandikia barua nzuri, mpaka wao wenyewe watakufuata uwanja wa ndege."

Ndiyo ile barua nzuri. Siku ya tatu nilirudi nayo, na safari hii bila mkate. Nikamwambia kwa upole: mzee, andika fundi. Andika saa. Andika kwamba ulinilipa. Kule wakisoma "akinisaidia" wanaona mtoto anafagia duka la baba yake akitoka shule.

"Kwani nimekutukana? Nimekuita mwanangu."

"Mimi si mwanao, mzee. Hata jina letu si moja. Watalinganisha na pasipoti yangu waseme nimedanganya."

Hapo uso wake ulibadilika, akageuka kuangalia droo. "Andika mshahara, andika saa. Unajua nikiandika hayo nani anakuja hapa? Wa kodi anakuja. Wa pensheni anakuja, ananiuliza michango yako iko wapi. Wa kazi anakuja, anataka mkataba. Wewe utakuwa umeshapanda ndege, umekaa kwenye baridi yako. Mimi nabaki na hawa watu."

Nilitoka pale sioni njia. Nilitembea mpaka Mnazi Mmoja bila kujua natembea, nikasimama katikati ya uwanja kama mtu aliyesahau alikotoka. Miaka yote nilikuwa nikilitafuna lile neno kama haluwa. Mwanangu, leo utachelewa kidogo kutoka, kuna mashine ya mtu anasafiri. Mwanangu, Krismasi hii nisaidie, watu wanashona. Nilijivuna. Niliwaambia watu wa nyumbani kwamba mjini nimepata baba. Sasa ndiyo naelewa kwamba mtoto hana mkataba, hana likizo, hana saa, hana mchango wa pensheni, na akiondoka hana alichowahi kuwa. Sijui kama mzee alipanga hivyo tangu siku ya kwanza. Nadhani hakupanga. Nadhani wote pale mtaani wanafanya hivyo, kila fundi ana wanawe watatu wanne wenye makabila tofauti, na hakuna aliyewahi kukaa chini akajiuliza. Lakini hilo halikunipunguzia hasira. Liliniongezea, maana nilikosa hata mtu mwovu wa kumchukia.

Nikaamua kutafuta ushahidi mwenyewe.

Dukani kwa mzee kulikuwa na utaratibu. Cherehani ikishapona, kabla haijatoka, unaigeuza kichwa na kukwaruza kwa msumari chini ya kitako chake, mahali ambapo mteja haangalii: tarehe, na alama ya duka, mistari miwili na nukta. Ilikuwa ni dawa ya ugomvi. Mteja akirudi analalamika kwamba mashine imeharibika wiki ileile, unaigeuza, unamwonyesha tarehe, anaona miezi minane imepita, anacheka, anakaa chini. Nikawaza, basi miaka yangu saba haijapotea, imekwaruzwa kwenye chuma mji mzima.

Nilizunguka siku nne. Nilipiga magoti chini ya meza za washonaji wa Kariakoo, simu mdomoni, tochi inawaka, watu wananiuliza kama nimepoteza pete. Nilikwenda Upanga kwa mama mmoja wa Kihindi anayeshona sare za shule, akanigeuzia mashine zake zote sita yeye mwenyewe huku akiniuliza kama Kanada wana embe. Nikarudi na picha thelathini na nane. Nilijisikia tajiri.

Nikampelekea jamaa wa steshenari, mtu wa rika langu, ambaye ndiye aliyekuwa ananisaidia kujaza fomu kwenye kompyuta yake. Alizipitisha moja moja, ametulia kama daktari.

"Nzuri," akasema. "Zinaonyesha duka lilitengeneza."

"Ndiyo."

"Wewe uko wapi?"

Sikuelewa.

"Kaka, alama ni ya duka. Mistari miwili na nukta. Ameikwaruza nani? Mimi nikisema nimeikwaruza mimi, utanibishia vipi?"

Nilimtukana. Hakustahili, na nilimwomba radhi jioni yake. Lakini alikuwa amesema kweli. Kwa miaka saba nilikuwa nimeweka sahihi ya mtu mwingine chini ya kazi yangu, tena nikijitahidi ifanane na yake.

Zilikuwa zimebaki siku tisa nilipokwenda dukani mara ya tatu. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda chake. Binti yake, ambaye ndiye anayepokea wateja na kuagiza vipuri, alikuwa nyuma ya kaunta akihesabu sindano. Dada huyu nimemkuta pale na nimemwacha pale, ni mtu wa maneno machache. Sikumsalimia mzee vizuri. Nilimpa simu tu.

"Hii nini?"

"Angalia."

Akavaa miwani. Nilitegemea atauliza maana. Hakuuliza. Akaanza kusogeza kwa kidole.

"Hii yangu. Hii yangu. Hii yako." Akasogeza. "Yako. Yako. Hii yangu, nilikuwa na haraka. Hii yako, huo mwaka ulioumia kidole, ona unavyovuta msumari. Hii..." akaikuza picha, akaisogeza karibu na uso. "Hii ya yule mama wa Upanga. Mota iliungua, ukaisuka upya waya mwenyewe, nikakwambia haimalizi wiki. Bado inazunguka?"

"Inazunguka."

"Mshenzi wewe," akasema, na sauti yake ilikuwa imejaa sifa.

Alizitenganisha zote thelathini na nane. Hakusita hata kwa moja. Ishirini na tisa zilikuwa zangu. Alijua mkono wangu kuliko mimi ninavyoujua, alijua mwaka, alijua ugonjwa wa mashine, alijua mteja. Na mimi niliyekuja pale nikidhani kwamba labda amesahau, labda uzee, labda kwake kweli nilikuwa mtu wa kufagia, nilisimama pale nikahisi damu inanipanda mpaka masikioni.

"Basi andika hayo," nikasema. "Hayo hayo uliyosema sasa hivi."

Akanirudishia simu. "Mwanangu, nimeshakueleza."

Nilipiga meza kwa kiganja. Boksi la bobini likaruka, bobini zikatawanyika sakafuni mpaka barazani. Nikasema kwa sauti ambayo mtaa wote uliisikia, "Mimi si mwanao! Baba yangu yuko Masasi, ana mikorosho yake, hajawahi kuniambia nifungue duka Jumapili!"

"Jamani, baba na mwana wanapigana," mshonaji mmoja akasema barazani.

"Si umesikia anasema si babake," mwenzake akamjibu.

"Ndiyo maneno ya mtoto hayo. Mtu baki hawezi kukasirika hivyo."

Mzee alikuwa ameinama anaokota bobini, na mimi, kwa aibu ya mazoea, nikajikuta nimeinama naokota naye. Tukiwa hivyo, wote wawili chini, binti yake akauliza kutoka nyuma ya kaunta, taratibu kabisa:

"Baba, leseni ina jina la nani?"

Hapa lazima nieleze. Duka lile lilikuwa na ubao uleule mlangoni tangu sijafika, lakini kwenye karatasi lilikuwa limebadilika mara kadhaa. Biashara ikishazoeleka kwa watu wa kodi, mwenyewe anaifunga kwenye makaratasi na kuifungua upya kwa jina la ndugu, ili kodi ianze tena chini. Lilikuwa la mzee, likawa la mdogo wake, na katika miaka yangu mitatu ya mwisho pale lilikuwa la huyu binti. Ni jambo la kawaida Kariakoo kiasi kwamba hakuna anayelikumbuka mpaka leseni ibandikwe ukutani.

"Jina lako," mzee akasema. "Lakini hayo ni ya karatasi tu."

"Na yeye anaomba nini? Si karatasi?" Akavuta kompyuta mpakato aliyokuwa akiagizia vipuri. "Kaka, hiyo orodha ya wanavyotaka, nitumie."

"Huwezi," mzee akasema. "Muhuri ninao mimi." Akagusa mfuko wa shati. "Barua isiyo na muhuri ni ya kufungia maandazi."

Dada alikuwa ameshaanza kusoma nilichomtumia. Alisoma mpaka mwisho, akarudi juu akasoma tena. "Hawajaomba muhuri. Wameomba sahihi, cheo cha anayesaini, na namba ya simu."

Hata mimi nilishtuka. Nilikuwa nimeisoma orodha ile mara ishirini na sikuwahi kuona kwamba muhuri haumo, kwa jinsi nilivyoamini kwamba lazima umo. Mzee alitoa muhuri mfukoni akautazama kama mtu aliyeambiwa noti yake imeshatolewa kwenye mzunguko.

"Watakuja," akasema. "Wa kodi watakuja, watakuuliza wewe."

"Waje. Kodi yao nailipa. Ya pensheni nitawaambia ukweli, wanipe adhabu, niilipe." Alikuwa anaandika huku akiongea. "Wewe," akaniambia mimi, bila kuinua macho, "na wewe punguza makelele. Unalalamika umeitwa mtoto. Mimi ndiye mtoto. Niko kwenye kaunta hii tangu nimalize shule. Na mimi nani ataniandikia?"

Miaka saba nilifanya naye kazi duka moja na sikuwahi kujiuliza analipwa nini na nani. Mimi ninayejisifu kwamba nauliza kila kitu.

Aliandika miaka mitatu, ile ya leseni yake, na si siku zaidi. Aliandika fundi. Aliandika saa, na alipoandika Jumapili alinitazama. Kisha akaanza kusoma kwa sauti zile kazi za mikono, kama walivyotaka, moja moja. Kupanga muda wa sindano na ndoano. Kubadilisha meno ya kusukuma kitambaa. Kusuka upya mota zilizoungua. Kuchonga bushi pale kipuri kinapokosekana. Kurekebisha ovaloki za nyuzi tatu, nne na tano.

Mzee alikuwa amekaa ametupa mgongo, anafuta bobini vumbi, moja baada ya nyingine.

"Umesahau za matundu ya vifungo," akasema, bado ametupa mgongo.

"Nini?"

"Mashine za matundu ya vifungo. Alitengeneza kumi na kitu. Hapa Kariakoo nzima tulikuwa tunaziweza mimi na yeye. Usipoandika hiyo, barua haijakamilika."

Dada akaandika. Akachapa, akasaini, akanipa. Mzee hakugeuka, na mimi sikuaga. Watu niliowasimulia wanapenda kipande hiki, wanasema hapo ndipo mzee alipolainika. Mimi ndipo nilipokasirika kuliko siku zote. Alikuwa na barua yangu nzima kichwani, hata na kipengele ambacho mimi mwenyewe nilikisahau, na alikuwa radhi kuisahihisha lakini si kuisaini.

Nilikwenda moja kwa moja steshenari. Jamaa akaipandisha barua mtandaoni, akaniambia imenyooka, miaka mitatu inatosha, wanataka miwili. Kisha tukafika sehemu ya fomu inayotaka historia yote, mwezi kwa mwezi, bila pengo. Miaka mitatu ya leseni ikaingia. Mwaka wangu wa kuzunguka na begi ukaingia. Ikabaki ile minne ya mwanzo, nafasi nyeupe kwenye kioo.

"Weka 'bila ajira'," jamaa akasema. "Hiyo haidaiwi ushahidi. Ukiandika kazi halafu huna barua, unawapa cha kuuliza. Miaka mitatu yako unayo, unataka nini zaidi?"

Alikuwa na akili, na kila alichosema kilikuwa cha kunisaidia. Kishale kilikuwa tayari kimekaa juu ya neno lenyewe, kinasubiri kubonyezwa.

Nikamwambia atoe mkono. Nikavuta kiti, nikaandika mwenyewe, kwa kidole kimoja: fundi wa cherehani. Nikaandika mtaa. Nikaandika saa mbili mpaka saa kumi na mbili, siku saba. Kwenye sehemu ya mwajiri nikaandika jina la mzee, lote, na la baba yake. Na pale walipouliza ushahidi uko wapi nikaandika kwamba mwajiri yupo hai, anakumbuka kila kitu, na amekataa kuandika.

"Watakukataa kwa hiyo," jamaa akasema.

"Tuma."

Akatuma. Wiki ya sita sasa, sijajibiwa. Nimemrudishia mama wa Upanga mashine mbili nilizotengeneza wiki hii, na chini ya vitako vyake nimekwaruza tarehe, na jina langu.